Nimtoe shule nimfundishe nyumbani? Jibu kwa mama wa Makorora

SWALI

Asalaam aleykum. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Makorora hapa Tanga, nashona nguo nyumbani. Mwanangu wa kati ana miaka 8, yuko darasa la tatu shule ya serikali. Darasa limejaa na mwalimu hawezi kumfikia kila mtoto. Ukimpa kitabu chake cha Kiswahili anasoma bila kukwama, ukimpa kitabu kingine hamalizi hata mstari. Hesabu ndogo anaweza, za kubeba zinamshinda. Kwenye simu nimeona wazazi wanaosomesha watoto wao nyumbani moja kwa moja. Mimi nilimaliza kidato cha nne. Je, naruhusiwa kumtoa shule nikamfundisha mwenyewe? Nitumie vitabu gani, saa ngapi kwa siku, na mitihani atafanyia wapi? Baba yake anasema nitamharibia mtoto.

JIBU

Waalaikum salaam, mama. Nianze na sheria, maana ndiyo inayoamua mengine. Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978 inataka kila mtoto aliyetimiza miaka 7 na ambaye hajafikisha 13 aandikishwe shule ya msingi, na inamwekea mzazi wajibu wa kuhakikisha mtoto anahudhuria. Mwanao yuko ndani kabisa ya umri huo. Sheria inazungumzia kuandikishwa na kuhudhuria shule. Haikuweka mlango wa mzazi kusema "huyu nafundisha mwenyewe, msimhesabu". Mtoto akipotea kwenye daftari la mahudhurio anaandikwa mtoro, na jambo linafika kwa afisa elimu kata na kwa mtendaji. Hao unaowaona kwenye simu wengi wako nchi zenye utaratibu mwingine. Marekani inaruhusiwa katika majimbo yote 50, kila jimbo na masharti yake. Uingereza pia inaruhusiwa. Ujerumani, kinyume chake, mtoto lazima aende shule. Kwa hiyo usichukue ushauri wa mzazi wa nchi nyingine ukautumia Tanga kama ulivyo.

Halafu kuna mitihani. Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne, ambao mwanao ataufikia mwakani, na mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, vyote hufanywa na wanafunzi waliosajiliwa kupitia shule. Kila mwanafunzi ana namba yake katika mfumo wa PReM wa Baraza la Mitihani, na namba hiyo inamfuata akihama shule na akiingia sekondari. Mtu kujiandikisha mwenyewe kama mtahiniwa wa kujitegemea ni jambo la ngazi ya sekondari: huko kuna Mtihani wa Maarifa, ule watu wanaouita QT, kwa asiyepitia kidato cha kwanza na cha pili darasani, kisha mtihani wa kidato cha nne. Mtoto wa miaka 8 ukimtoa leo, hiyo milango iko mbali mno, na kati hapo hana karatasi yoyote mkononi. Usijipe moyo na MEMKWA pia. Mpango ule uliwekwa kwa watoto walioikosa shule, siyo kwa mzazi mwenye mtoto aliyeandikishwa tayari.

Ninachokushauri basi ni hiki: abaki kwenye daftari la shule, lakini kazi ya kumfundisha kusoma na kuhesabu uichukue wewe, uifanye kwa utaratibu kama mwalimu hasa. Elimu yako ya kidato cha nne inatosha na kubaki kwa kazi hiyo. Usiione kama nusu ya ulichotaka. Kwa mtoto mwenye tatizo ulilolieleza, dakika 45 za mtu mmoja aliyekaa naye kila siku zina nguvu kuliko vipindi vya asubuhi nzima ambavyo sauti yake haisikiki.

Kabla hujafundisha chochote, mpime. Wazazi wengi huanzia kwenye kitabu cha darasa alilopo mtoto, na hapo ndipo wanapokosea: mtoto wa darasa la tatu anaweza kuwa amekwama kwenye jambo la darasa la kwanza, na kila unachoongeza juu yake kinaanguka. Watu wa shirika la Uwezo wanaopita majumbani kupima watoto hutumia ngazi nne, silabi, maneno, aya na hadithi, nawe unaweza kuzitumia mezani kwako. Andika kwa herufi kubwa na wazi silabi kumi: ba, ki, mu, te, so, nya, cho, mbi, ng'o, shwa. Akipata nane, mpe maneno kumi ambayo hayamo kwenye kitabu chake. Akipata nane tena, mpe aya hii: "Juma ana mbuzi wawili. Mbuzi mmoja ni mweusi. Kila asubuhi huwapeleka malishoni. Jioni huwarudisha nyumbani." Akimaliza muulize mbuzi ni wangapi, na jioni Juma anafanya nini. Akisoma yote lakini hajui kujibu, tatizo liko kwenye kuelewa. Akikwama kwenye silabi, usihangaike na kuelewa kwanza.

Kwa mwanao ongeza kipimo kimoja. Dalili uliyoitaja, kusoma kitabu kimoja tu, ni ya mtoto aliyekariri ukurasa kwa masikio. Amewasikia wenzake wakiimba mstari kwa pamoja, picha inamkumbusha, na mdomo unatoa maneno huku macho hayapo kwenye herufi. Fungua kitabu hicho hicho anachokijua, funika picha kwa karatasi, umwoneshe neno moja la katikati ya mstari wa mwisho. Kisha mwandikie maneno yasiyo na maana: temo, nolu, fipe, gasu. Haya hakuna aliyewahi kumwimbia. Akiyasoma, anajua kuunganisha sauti na kilichobaki ni mazoezi ya kasi. Akishindwa, unaanza na irabu tano, bila aibu na bila kumwambia kwamba amerudishwa darasa la kwanza.

Kama anakwenda chuo (madrasa) jioni, muulize ustadhi wake jambo moja: je, mtoto anatambua herufi na kuziunganisha kwa irabu zake, au anafuata wenzake kwa sauti tu? Jibu hilo lina thamani kubwa kwako. Mtoto anayeweza kuunganisha herufi za Kiarabu huenda hana tatizo la macho wala la akili. Pengine Kiswahili chake kilikosa mtu wa kukaa naye. Aliyekwama kote kuwili, mpeleke kwanza akapimwe macho na masikio, Hospitali ya Bombo au kituo chochote chenye huduma hiyo. Mtoto asiyeona ubao vizuri hasemi kwamba haoni, maana hajui kuwa wenzake wanaona zaidi.

Sasa somo lenyewe. Kusoma kuchukue dakika 25, isizidi. Dakika tano za kwanza pitieni kadi za maneno ya jana (nitazieleza hapa chini). Dakika kumi fundisha familia moja mpya ya silabi, kwa mfano nda, nde, ndi, ndo, ndu, na maneno manne au matano yanayotumia silabi hizo. Dakika tano asome sentensi ambazo umeziandika wewe, zenye silabi alizokwisha jifunza tu. Dakika tano za mwisho imla: maneno matano na sentensi moja. Imla ndiyo inayofichua kila kitu, kwa sababu katika kuandika hakuna cha kukisia.

Mpangilio wa sauti una maana. Tangulia na silabi nyepesi za konsonanti moja: ma, ka, ta, la, ba, sa, na ndugu zake. Fuata na mb, nd, ng, nj, ny, ch, sh. Halafu mw, kw, bw, tw. Halafu ng', na th, dh, gh. Za mwisho ni zile nzito, nyw, ngw, shw, kama katika "nyweshwa". Watoto wengi hukwama kwenye m inayosimama peke yake. Neno "mti" lina silabi mbili, m na ti. "Mtoto" lina tatu. Lakini katika "mbuzi" m haisimami peke yake, imeshikana na b, kwa hiyo ni mbu na zi. Mtoto ambaye hakuonyeshwa tofauti hiyo huandika "mutoto" au huruka m kabisa. Dawa yake ni makofi: kila silabi kofi moja, kwanza kwa mdomo bila kuandika, maneno kumi kila siku kwa wiki nzima. Sikio likishazoea, mkono unafuata.

Maneno usiyatafute mbali. Hapo unaposhonea pana karibu kila sauti unayoihitaji: sindano ya nd, nguo na kifungo za ng, kitambaa cha mb, cherehani ya ch, mshono wenye m ya peke yake na sh kwa pamoja, mkasi, utepe, pindo. Nunua manila moja, ikate vipande vya sentimita 7 kwa 10 (utapata visivyopungua 40), andika neno moja kila kipande kwa kalamu nene, kisha mwambie akabandike kila kadi kwenye kitu chake. Siku ya tatu zibandue, zichanganye, azisome zikiwa mezani. Ukiziacha ukutani mwezi mzima atasoma mahali pa kadi badala ya kusoma kadi, na mtakuwa mmerudi kule kule kwenye kukariri.

Akikosea, usimalizie neno kwa ajili yake. Hesabu kimyakimya hadi tano, kisha weka kidole chini ya silabi iliyomshinda tu, siyo chini ya neno zima. Hili linawashinda wazazi kuliko jambo lolote, kwa sababu ukimya wa mtoto unatia wasiwasi na mdomo unajifungua wenyewe. Na usimpige wala kumwita mzito. Mtoto anayeogopa hukisia haraka ili yaishe, na kukisia ndiyo tabia unayopambana nayo.

Akishakuwa anasoma sentensi, anza kupima kasi mara moja kwa wiki. Chukua aya mpya yenye maneno 60 hivi, washa saa ya simu kwa dakika moja, hesabu maneno aliyoyasoma sawasawa. Maneno 50 kwa dakika ni lengo zuri la mtoto anayemaliza darasa la pili. Chini ya maneno 20 mtoto anasahau mwanzo wa sentensi kabla hajafika mwisho, ndiyo maana hajui kilichosemwa. Usimwambie namba kila mara. Iandike kwenye daftari lako.

Hesabu za kubeba. Tafuta vijiti 100, vya ufagio vinafaa, na mipira ya kufungia. Kila vijiti kumi funga mpira, hilo ni kumi moja. Mwambie aweke 34: mafungu matatu na vijiti vinne. Aongeze 28: mafungu mawili na vijiti vinane. Vijiti vya peke yake sasa ni 12, na hapo mwache afunge kumi mwenyewe na kulisogeza fungu kwenye makumi. Mikono yake ikifanya hivyo mara ishirini au thelathini, ile "kubeba moja" ya kwenye daftari inakuwa na maana. Asiyepitia hapo huandika 34 + 28 = 512, kwa sababu kwake 12 ni jibu lililokamilika na hajui kwa nini asiliandike lote. Kutoa kuna kosa jingine: 42 − 17 anaandika 35. Amefanya 7 ukitoa 2 kwa sababu 2 ukitoa 7 "haiwezekani". Mpe mafungu manne na vijiti viwili, mwambie akupe 17. Atalazimika kufungua fungu moja. Mwache alifungue, ahesabu vijiti 12, atoe saba na fungu moja, aone vimebaki 25. Usiandike chochote kwenye daftari mpaka vijiti vimeeleweka. Ukikimbilia kuandika, unamfundisha kanuni asiyoijua maana yake na wiki ijayo ataisahau.

Jedwali la kuzidisha lianze na la 2, la 10 na la 5, kisha la 3 na la 4. Akijua kwamba 3 × 4 na 4 × 3 ni kitu kimoja, kazi ya kukumbuka inapungua karibu nusu. Na futi yako ya kupimia ya sentimita 150 ni kifaa cha hesabu kilicho tayari: akupimie kitambaa, aseme kimezidi au kimepungua sentimita ngapi. Dukani mpe sarafu ya 500 na umwambie akuhesabie chenji kabla mwenye duka hajaitoa.

Kiingereza, robo saa mara tatu kwa wiki, kwa mdomo tu kwanza: salamu, vitu vya nyumbani, maagizo mafupi. Ni muhimu, maana sekondari ndiyo lugha ya kufundishia, na mtaala wa sasa unakianza darasa la kwanza. Lakini usimsomeshe maandishi ya Kiingereza mpaka Kiswahili kikae. Kiswahili kinatamkwa kama kilivyoandikwa, na Kiingereza hakifuati hivyo; mtoto ambaye hajatulia atasoma "take" kuwa ta-ke na kuanza kutilia shaka hata kile alichokijua.

Kuhusu vitabu, hapa fedha nyingi hupotea. Mtaala ulioboreshwa ulianza Januari 2024 kwa elimu ya awali, darasa la kwanza na la tatu, na elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita badala ya saba. Vitabu vya mtaala wa zamani bado vinauzwa kwa bei ya kuvutia. Ukiona darasa la tatu limeandikwa Uraia na Maadili, Maarifa ya Jamii, au Sayansi na Teknolojia, hicho ni cha zamani. Mwanao anasoma Historia ya Tanzania na Maadili, Jiografia na Mazingira, Sayansi, Hisabati, Kiswahili, Kiingereza, Sanaa na Michezo. Kitabu cha zamani cha hadithi kinafaa kwa mazoezi ya kusoma, ila usikitumie kumwandaa kwa upimaji. Kabla ya kununua, ingia Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania kwa simu yako; vitabu vya kiada vinasomeka humo bure. Vya kununua anza na viwili tu, Kiswahili na Hisabati. Kwa vitabu vya hadithi mpeleke Maktaba ya Mkoa pale mjini Jumamosi, achague mwenyewe, hata akichagua chepesi. Mtoto anayejifunza kusoma anahitaji vitabu vingi vyepesi kuliko kimoja kigumu.

Muda sasa. Mtoto anatoka shule mchana, anakula, halafu kuna chuo. Mpe nusu saa ya kupumzika baada ya chakula, kisha dakika 25 za kusoma kabla ya chuo. Dakika 20 za hesabu ziwe baada ya Magharibi, kabla hajasinzia. Siku ambazo chuo hakina masomo usirundike kila kitu hapo. Ongeza robo saa tu na umwache akacheze na wenzake. Mavuno makubwa yako kwenye likizo ya Juni na ya Desemba. Kipindi hicho unaweza kufundisha saa mbili kwa siku, saa moja asubuhi na saa moja alasiri, kila saa ikikatwa vipande viwili. Zaidi ya hapo kwa umri wa miaka 8 ni kumchosha. Kazi ya watu ya kushona ipange mbali na dakika hizo. Mteja akibisha hodi, muombe asubiri. Mtoto akiona somo lake linakatwa kila mara anajua halina uzito.

Jumamosi moja moja toka naye nje, maana Tanga ina masomo ambayo darasa la Sayansi na Jiografia linayataja kwa picha tu. La kwanza ningeanza na bahari. Chukua daftari, mwendeni ufukweni siku mbili mfululizo, Raskazone au popote mnapofika kwa urahisi. Aandike saa maji yalipofika juu kabisa. Siku ya pili ataona yamechelewa kwa kama dakika 50, kwa sababu mwezi nao umesogea katika mzunguko wake na dunia inahitaji muda zaidi kuukuta. Mwambie apige mstari kwenye jiwe au nguzo mahali maji yanapofika. Mrudi siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, apige mstari wa pili, na tena siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, apige wa tatu. Pwani yetu, siku za bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Apime kwa futi yako umbali kati ya mistari, atengeneze jedwali lenye tarehe, umbo la mwezi na kipimo. Hiyo ni sayansi, hesabu na kuandika kwa pamoja, na mvuvi yeyote aliyeko pale atamthibitishia.

Mapango ya Amboni ni ya mawe ya chokaa. Kabla ya kwenda, mwekee ganda la yai kwenye siki aone mapovu, kisha mweleze kwamba maji ya mvua yenye asidi kidogo yamekuwa yakiyeyusha mawe yale kwa muda mrefu sana. Magofu ya Tongoni, njia ya Pangani, yana msikiti na makaburi ya nguzo, na yanafaa zaidi akishaanza kusoma Historia kwa kuelewa. Usiharakishe.

Mwalimu wa darasa mfuate mapema, usimwache asikie kwa wengine. Nenda na karatasi ya kipimo, mweleze alipokwama mtoto na unachofanya, umwombe mambo mawili tu: akae mstari wa mbele, na akuoneshe mada za wiki ili usipingane naye katika njia ya hesabu. Mwalimu mwenye watoto wengi anamshukuru mzazi wa aina hiyo. Kama tatizo la shule ni kubwa kuliko msongamano, kwa mfano mtoto anaumizwa na hakuna anayesikiliza, basi njia ni uhamisho: barua kupitia mwalimu mkuu kwenda shule nyingine, namba yake ikimfuata. Siyo kumkalisha nyumbani kimya.

Kuna njia ya kufundisha nyumbani kikamilifu ambayo baadhi ya familia huifuata, hasa zile zitakazohama nchi, nayo ni mtaala wa Cambridge. Mtoto anasomea nyumbani, kisha akifika miaka 14 hadi 16 anasajiliwa kama mtahiniwa binafsi wa IGCSE, mtihani wa Cambridge wa ngazi ya sekondari, kwenye kituo kinachopokea watahiniwa hao. Masomo ya sayansi yana karatasi mbadala wa vitendo vya maabara, kwa hiyo kukosa maabara hakumzuii. Cheti chake kinahitaji kulinganishwa na Baraza la Mitihani kabla ya kujiunga na kidato cha tano au chuo hapa nchini. Ada ya kila somo ni ya fedha za kigeni, vitabu ni ghali, na wajibu wa sheria niliokutajia hapo juu haufutwi na mtaala huo. Kwa hali uliyoieleza, sioni sababu ya kuuelekea. Pia majirani wakiona mwanao anafanya vizuri watakuletea wao. Kumsaidia mtoto wa jirani kusoma ni jema, ila ukiwa na darasa la kudumu la watoto wa watu kwa malipo umeanza kuendesha shule, na shule inahitaji usajili.

Yanayoharibu kazi hii ni machache. Kubwa ni kuruka siku: wiki yenye siku tano za dakika 25 inazidi Jumapili moja ya saa tatu, kwa sababu silabi isiyorudiwa kesho yake hupotea. La pili ni kunakili. Mtoto anaweza kujaza kurasa kumi kwa mwandiko mzuri bila kusoma neno hata moja, na daftari likakudanganya. Kila alichoandika akusomee. Na video za simu zinazotaja herufi kwa nyimbo zisikae mahali pa somo. Zinamrudisha kwenye kukariri kwa masikio.

Baba yake mweleze hivi: mtoto haondoki shule, na utampa ushahidi. Chukua daftari moja la kurasa 96, kila siku andika mstari mmoja: tarehe, silabi au hesabu mliyofanya, alichokosa. Karatasi ya kipimo cha siku ya kwanza ibandike ndani ya jalada. Baada ya wiki nane mpime tena kwa silabi, maneno na aya mpya kabisa, baba akiwepo na akisoma maswali yeye. Mkianza leo na kutoruka siku, mtoto aliyekwama kwenye silabi anatarajiwa kuwa anasoma maneno na sentensi fupi wakati huo. Akiwa hajapanda hata ngazi moja, na macho na masikio yameshapimwa, usiongeze saa za somo. Rudi kwa mwalimu mkuu na afisa elimu kata na daftari hilo mkononi, uombe mtoto apimwe kama ana mahitaji maalumu ya kujifunza, kwa sababu hapo kinachohitajika ni njia nyingine ya kumfundisha.